Bwawa la Kulia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja.

Leo tunamkumbuka mtu aliyeupa mji wetu njia. Sisemi barabara ya lami. Nasema njia. Ile ya baiskeli, inayoingia msituni nyuma ya karakana ya idara ya maji, ikazunguka mabwawa sita na kukurudisha ulikotoka ukiwa na njaa na moyo mweupe. Wengi wenu mmeipita. Wengine mmechumbiana huko, wengine mmepata pancha huko, na wapo waliopata vyote viwili siku moja.

Aliyeichora njia ile alikuwa msoma vipimo. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: msoma vipimo vya maji. Alifariki Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na saba. Mji mzima ulimwita Sentimita, naye aliitika.

Jina hilo alilipata kihalali. Ukimuuliza mtu habari za asubuhi, atasema nzuri, au atasema tunashukuru. Yeye alisema, "Bwawa la Chini mia tatu arobaini na mbili. Limeshuka mbili tangu jana." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Ukimwambia mvua imenyesha sana, alikukazia macho. "Sana ni ngapi?"

Darasani alikaa miaka minne, tena kwa vipande. Mwaka huu anasoma, mwaka ujao yuko kiwandani anabeba mbao. Herufi zilimpiga chenga maisha yake yote. Lakini namba, wasikilizaji, namba zilimpenda. Idara ya maji ikamwajiri kwa sababu hiyo. Ikampa baiskeli nyeusi, nzito kama ng'ombe, yenye keria ya chuma na kengele iliyosikika ng'ambo ya maji. Ikampa daftari na penseli. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mabwawa kila asubuhi, kusoma ubao wa namba uliosimama ndani ya maji, kuandika, na kurudi.

Mabwawa sita. Mawili makubwa, ya kuhifadhi maji ya mji: Bwawa la Chini na Bwawa la Juu. Manne madogo, yaliyojificha katikati ya miti, ambayo idara iliyapa namba tu, Namba Moja mpaka Namba Nne. Miaka ishirini na saba Sentimita aliyazunguka peke yake. Miaka ishirini na saba. Alijua wapi mizizi imevuka njia, wapi jua linapenya saa moja na nusu na kuupaka ukuta wa bwawa rangi ya chai. Aliwahi kumwambia binti yake, ambaye leo ni fundi baiskeli pale karibu na stendi, "Mwanangu, kuna asubuhi Namba Mbili inatulia mpaka unaona miti inaota kwenda chini. Tunaiangalia mimi na kima watatu. Na hao kima wenyewe wameshaichoka."

Hilo ndilo lililomkera. Uzuri wote ule, na mtazamaji ni mmoja, tena yuko kazini.

Basi akaanza kutangaza. Kwa kinyozi, sokoni, kwenye foleni ya posta. "Njooni Jumapili na baiskeli zenu, niwatembeze." Watu wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Muuza matofali mmoja akamwambia, "Mzee, baiskeli ni ya kubebea, si ya kutembelea. Nihangaike mpaka msituni nikaangalie maji? Maji ninayo bombani."

Sentimita akamjibu, "Hayo ya bombani umekutana nayo njiani tu. Twende ukayaone kwao."

Muuza matofali akaenda. Na Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni mwa karakana kabla ya wenzake, amemleta na kaka yake.

Njia zenyewe zilikuwa tatu. Na hapa, wasikilizaji, ndipo mtakapomjua mtu huyu. Hakuzipima kwa kilomita. Yeye, Sentimita! Alisema, "Kilomita hazimchoshi mtu. Kinachomchosha ni kushuka." Yaani kushuka kwenye baiskeli na kuisukuma. Kwa hiyo njia ya kwanza, inayozunguka Bwawa la Chini, aliiita Hushuki. Ya pili, inayopita Namba Moja na Namba Mbili, aliiita Unashuka Mara Moja. Ya tatu, ndefu kuliko zote, inaendelea Namba Tatu na Namba Nne mpaka kwenye ukuta wa Bwawa la Juu. Hiyo ikaitwa Unashuka Mara Nne.

Na kipimo cha kushuka kilikuwa mkewe.

"Alinipima kama bwawa," bibi alituambia juzi, sebuleni kwake, leso mkononi na kicheko mdomoni. "Ananipandisha kilima, yeye yuko nyuma na daftari. Nikishuka anaandika. Nikipita bila kushuka anasema, 'Kama mama watoto amepita, nchi nzima itapita.' Nikamuuliza, baba, hayo ni sifa au ni matusi?"

Tukamuuliza bibi kuhusu ile mara ya nne, maana wote mliopita mnajua vilima vya kushuka ni vitatu. Mmekuwa mkiulizana miaka yote hii cha nne kiko wapi. Bibi akainamisha kichwa kama msichana.

"Ile ya nne sikuchoka. Pale Namba Tatu ni tambarare kabisa. Nilishuka kuangalia mayungiyungi, yale maua ya majini. Yalikuwa yamefunguka yote, meupe, kerengende wanatua na kuondoka. Nikakaa kwenye majani, nikatoa mkate na mayai ya kuchemsha, nikala. Yeye akatafuta kilima, hakuna kilima. Akaniangalia mimi. Akaandika: anashuka."

Shikeni hapo. Namba Tatu, mayungiyungi, mkate na mayai. Tutaparudia.

Halafu mashine zikaja. Vipimo vinavyojisoma vyenyewe na kutuma namba ofisini. Injinia mkuu wa mabwawa alikuwa mgeni kazini, mdogo kwa Sentimita kwa miaka mingi, mtu wa haki lakini mtu wa karatasi. Akaona kwenye faili: njia ya msituni, matumizi hakuna. Akatoa agizo. Uzio wa waya, mageti mawili, makufuli mawili.

Sentimita alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Siku atakayorudisha daftari ndiyo siku ya mwisho kuyaona yale maji, yeye na mji mzima. Bibi anasema, "Niliogopa jamani. Huyu akifungiwa mabwawa yake, atakaa humu ndani ananipimia ndoo."

Akavaa shati lake la pasi, akaenda ofisini. Ile ofisi mnaijua, yenye ramani ya mabwawa ukutani na feni inayolalamika. Akasimama mbele ya meza.

"Injinia, kwenye ile njia watu wapo."

"Wangapi, mzee wangu?"

Hapo akashikwa pabaya, maana yeye ndiye aliyewafundisha wengine kuuliza wangapi. Angeweza kusema wengi. Angeweza kusema hamsini, nani angekwenda kuhesabu?

"Jumapili iliyopita kumi na mmoja," akasema.

"Kumi na mmoja si watu, mzee. Hiyo ni familia moja imekwenda kutembea."

Sentimita hakuondoka. Injinia akamwangalia, akaiangalia ramani, akavua miwani. "Sikiliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa juu ya ukuta wa Bwawa la Juu. Nione watu mia moja na baiskeli zao kabla ya saa sita mchana. Nikiwaona, uzio nautoa kwenye faili. Nisipowaona, Jumatatu mafundi wanachimba mashimo ya nguzo."

Wasikilizaji wapendwa, watu mia moja. Ukuta wa Bwawa la Juu. Kabla ya saa sita mchana.

Wiki tatu Sentimita hakukaa. Alipita mlango kwa mlango. Binti yake akaziba pancha, akakaza breki, akafufua baiskeli zilizokuwa zimegeuzwa vitanda vya kuku. Likabaki jambo moja, mabango. Yeye mwenyewe asingeweza kutangulia kuonyesha njia, maana siku hiyo alitakiwa kusimama juu ya ukuta na injinia. Watu watajiongoza wenyewe. Na herufi hakuziweza. Akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe, mchora mabango wa pale sokoni, mtu wa mkono mzuri na mdomo mrefu.

"Shemeji, watakapopotea ni pale njia panda, Namba Tatu. Kushoto kunateremka kiwanda cha mbao. Kwa hiyo pale andika 'bwawa', halafu 'kulia'. Herufi kubwa."

"Bwawa, kulia. Imeisha hiyo."

Shemeji akachora. Ubao mweupe, herufi za bluu, maua pembe zote nne. BWAWA LA KULIA. Ile "la", anasema mpaka leo, aliiongeza ili ubao usikae kama umevunjika jino. Mshale hakuchora. Sentimita akausoma ubao kwa kidole, herufi moja moja, akatikisa kichwa kwa furaha. Kwake maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Miaka ishirini na saba pale alikuwa akikunja kulia. Akaupigilia misumari mwenyewe, ukaelekea maji.

Mmeshaanza kucheka. Ngojeni.

Jumamosi ikafika, anga safi, ardhi imekauka vizuri. Saa tatu asubuhi Sentimita alikuwa juu ya ukuta wa Bwawa la Juu. Injinia akaja na gari kwa ile barabara ya nyuma, faili kwapani. Wakasimama. Chini yao maji, mbele yao njia inatoka kwenye miti kama mdomo uliofunguka. Saa nne. Kimya. Saa nne na nusu. Ndege mmoja akachupa majini, akatoka na samaki. Saa tano, kengele ikalia miongoni mwa miti, na Sentimita akavuta pumzi.

Akatokea mzee mmoja wa posta. Peke yake.

"Wenzako wako wapi?" Sentimita akamuuliza.

"Wenzangu wamesimama kule nyuma wanasoma ubao. Mimi miwani nimesahau nyumbani, nikaona nisijisumbue. Si ulisema tukunje kulia?"

Saa tano na robo. Saa tano na dakika ishirini. Injinia akafunga faili. Si kwa ubaya. Alilifunga polepole, kama mtu anayefunika chakula cha mgonjwa aliyekataa kula.

"Mzee wangu, umejitahidi."

Sentimita alikuwa ameshaipanda baiskeli. "Injinia, kaa kwenye keria."

"Unasemaje?"

"Kuna watu. Hawajafika, lakini wapo. Panda, ukawahesabu mwenyewe."

"Na nikianguka?"

"Kushoto ni majani, kulia ni maji. Chagua."

Injinia mkuu wa mabwawa, na suruali yake iliyopigwa pasi, akakaa kwenye keria ya chuma. Yeye mwenyewe alitupigia simu wiki hii, sasa ni mstaafu kama wenzake. "Nilimshika kiuno kama mtoto," alisema. "Mteremko ule, mizizi ile, na breki ilikuwa moja. Nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye mkubwa wake."

Wakapita Namba Nne kwa upepo. Wakakaribia Namba Tatu. Na Sentimita akasikia kitu kilichomchanganya: upande mmoja vicheko, upande wa pili kimya.

Wakatokeza. Baiskeli zimelala kwenye majani, nyingi ajabu. Mkono huu watu wametandika khanga na magazeti, wanamenya mayai, wanagawana ndizi. Mkono ule watu wamesimama kofia mikononi, nyuso chini, wanayaangalia maji. Sentimita akaruka chini, injinia nusura aende na baiskeli.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunakula, mzee," akajibu muuza matofali, shavu limevimba mkate. "Si ubao umesema pa kulia? Tukasema huyu mzee ana akili, ametupangia mpaka pa kupumzika."

"Punguzeni sauti, jamani," akanong'ona mmoja wa upande wa pili. "Kuna watu wamefiwa."

"Nani amefiwa?"

"Sisi tutajuaje? Ubao umesema pa kulia. Tumeona labda kuna mtu alizama."

Sentimita akageuka, akausoma ubao. Kwa kidole, kwa mbali, hewani. Kulia. Akausoma tena. Kulia. Ndipo akaona alichofanya.

"Shemeji!"

Shemeji alikuwa kwenye kundi la walaji. Akainuka, akijifuta mikono. "Usinitazame hivyo, shemeji. Mshale hukuniambia. Mshale ni kazi nyingine."

Sentimita alikuwa na maneno ya kumwambia, na redioni yasingepita. Lakini macho yake yakatua kwa mkewe. Amekaa pale pale, kwenye majani yale yale, mkate mapajani.

"Hata wewe, mama watoto? Wewe unayeijua njia?"

"Mimi nilijua umeandika kwa ajili yangu," akasema. "Si ndipo niliposhuka?"

Sentimita akageukia mayungiyungi. Ndipo akamwona mwanamke mmoja ukingoni kabisa mwa maji. Fundi cherehani, wa ile barabara ya nyuma ya benki. Huyu hakuwa anajifanya. Alikuwa analia kweli, kwa sauti, mabega yanaruka, na mwanamke asiyemjua amemshika mgongo. Fundi huyo alitueleza mwenyewe: mama yake alikufa miezi minane kabla. Siku ya mazishi alikuwa akishona nguo za wafiwa, akashindwa kulia. Baadaye wageni, baadaye kazi. "Nikafika pale, nikaona ubao. Nikasema, kumbe kuna mahali pametengwa. Sikujua mwanzo wake wala mwisho wake. Nililia mpaka nikasikia njaa. Nilipogeuka, nikakuta watu wanakula."

Injinia alikuwa anahesabu. Kidole hewani, midomo inacheza. "Mia moja na kumi na mbili," akasema. "Na yule wa posta, mia moja na kumi na tatu." Halafu akatazama saa, na uso ukabadilika. "Lakini, mzee wangu, nilisema juu ya ukuta. Kabla ya saa sita. Ni saa sita kasoro dakika ishirini na mbili."

Sentimita akapiga kengele. Wasikilizaji, ile kengele.

"Waliokula wameze!" akapaza sauti. "Waliolia wafute machozi! Na wote, kulia ni huku!" Akaunyoosha mkono wake wa kulia, na huo ndio ulikuwa mshale.

Ungewaona. Khanga zikakunjwa, maganda yakatiwa mifukoni, minyororo ikashika. Baiskeli za maziwa, za mkate, za shule, baiskeli ya mjukuu na ya babu yake. Wakaingia chini ya miti kwa mstari mmoja mrefu, kengele zote zinalia, vyura wakanyamaza kwa mshangao. Kilima cha mwisho ndicho kibaya kuliko vyote. Pale kila mtu hushuka. Sentimita naye alikuwa na injinia mzima kwenye keria, na miaka hamsini na minane magotini. Katikati ya kilima baiskeli ikasimama.

Injinia akaruka chini. Akatia faili ndani ya shati. Akashika keria kwa mikono miwili, akasukuma.

"Kanyaga, mzee! Usishuke! Kanyaga!"

Wakatoka kwenye miti hivyo. Msoma vipimo juu, mkubwa wake nyuma amelowa jasho, na nyuma yao mji. Wakaujaza ukuta wa Bwawa la Juu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na picha yao ikawa ndani ya maji, kwa hiyo walikuwa mara mbili. Fundi cherehani akaingia wa mwisho, macho mekundu, meno yote nje.

Injinia hakutazama saa yake. Alimtazama Sentimita. "Wewe ndiye msoma vipimo. Ni saa ngapi?"

Angesema saa sita kamili, nani angembishia? Sentimita akainua mkono, akaisoma saa kama alivyosoma ubao majini kwa miaka ishirini na saba.

"Saa sita na dakika nane."

Watu wakaguna. Muuza matofali akajishika kichwa. Injinia akafungua faili lililolowa, akatoa kalamu.

"Hizo nane," akasema, "ni uzito wangu." Akaandika: njia inatumika. Akatia saini magotini.

Kelele zilizopigwa siku hiyo, wasikilizaji, zilisikika mpaka kiwanda cha mbao. Uzio haukuwekwa. Haujawekwa mpaka leo, miaka kumi na tisa. Sentimita alipostaafu, idara ilimwachia baiskeli na daftari. Akaendelea kuzunguka. Watu wakaanza kuja kutoka mbali, na baiskeli zenye gia nyingi kuliko siku za wiki, wote wakiuliza liko wapi hilo bwawa la kulia. Shemeji alijitolea mara tatu kuurekebisha ubao. Mara tatu Sentimita alimkatalia. "Uache. Mwenye chakula ale, mwenye machozi alie. Njia ipo palepale, haiendi kokote."

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuwa kitandani, hajiwezi, mvua imenyesha siku tano. Akamuuliza binti yake, "Bwawa la Juu limefika ngapi?"

"Limejaa, baba."

"Limejaa ni ngapi?"

Binti hakubishana. Alivaa koti la mvua, akapanda baiskeli nyeusi ya baba yake, akaenda. Ule ubao wa zamani bado umesimama ndani ya maji, kando ya mashine. Akausoma. Akarudi na tope mpaka mashavuni, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mia sita na nane, baba. Linamwagika juu ya ukuta."

"Mia sita na nane," mzee akarudia, na uso ukang'aa. "Miaka arobaini na sita, sijawahi kuisoma hiyo. Iandike." Binti akaiandika kwenye daftari. Ni namba ya mwisho mle ndani, na ni kubwa kuliko zote. Kesho yake, saa tisa alasiri, akatuacha.

Tulimzika Alhamisi. Ijumaa watu wakaja na baiskeli. Nikisema walikuwa wengi, namsikia akiuliza wengi ni wangapi, kwa hiyo binti yake alihesabu. Mia tatu sitini na wawili. Wakafika njia panda ya Namba Tatu, wakashuka. Wakala. Wakalia. Wengine walifanya yote mawili kwa mdomo mmoja. Shemeji, mzee sasa, akatoa mfukoni kopo la rangi ya bluu na brashi. Alitaka, baada ya miaka kumi na tisa, kumalizia ile kazi nyingine. Mshale.

Mjane akamshika mkono.

"Kaka, rudisha brashi. Ukiweka mshale, watapita."

Kwa bibi, kipimo cha mara zote nne. Kwa binti, fundi wetu. Kwa shemeji, ambaye tunamsamehe. Na kwa wote wa nyumba ile, kituo hiki kizima kinawapa pole. Mmefiwa, nasi tumefiwa nanyi. Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo kuna nini kizuri unachokipita kila siku peke yako, ukidhani kila mtu anakijua. Kawaambie. Wakikucheka, wachukue wakakione kwao.

Na ukienda msituni, ukifika pale penye mayungiyungi, usitafute mshale, haupo. Shuka kwanza. Kaa. Ukimaliza ulichokuja kufanya, panda baiskeli yako, halafu shika mkono wa kulia.